Kamera na Chama: Filamu za Ujerumani Mashariki, kutoka Kongo hadi Nyanda za Juu Kusini

Kati ya Desemba 1965 na Februari 1966, serikali ya Ujerumani Mashariki ilifanya mambo mawili kuhusu filamu ambayo, yakitazamwa kwa pamoja, yanaeleza hali ya sinema chini ya ukomunisti kwa uwazi kuliko maazimio mengi ya chama yaliyoandikwa katika miaka hiyo. La kwanza lilikuwa kuanza kuzifungia kabatini filamu 12 hivi zilizotengenezwa kwa fedha za serikali yenyewe kuhusu maisha ya wananchi wake, na la pili lilikuwa kuonyesha kwa fahari, katika televisheni ya taifa, filamu kuhusu mamluki wa Kijerumani aliyekwenda Kongo kupigana na waasi ambao wengi wao walizungumza Kiswahili. Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako vijiji vya ujamaa, reli ya TAZARA na kiwanda cha karatasi cha Mgololo vilijengwa kwa jina la taifa zima, historia hiyo si ya mbali kama ramani inavyoonyesha, kwa sababu swali lililowasumbua waongozaji wa filamu wa Berlin lilikuwa pia swali la kila nchi iliyotaka kujenga usawa kwa amri ya chama kimoja: je, aliyejengewa nyumba anaruhusiwa kusema kwamba paa linavuja?

Ujerumani iliyoshindwa katika Vita Kuu ya Pili iligawanywa na washindi wake, na mwaka 1949 zikazaliwa nchi mbili, yaani Jamhuri ya Shirikisho upande wa Magharibi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani upande wa Mashariki, ambayo iliongozwa na Chama cha Umoja wa Kisoshalisti, kinachojulikana kwa kifupisho chake cha SED. Hata kabla ya nchi hizo kuzaliwa, Wasovieti walikuwa wameruhusu, tarehe 17 Mei 1946, kuundwa kwa shirika la filamu lililoitwa DEFA, ambalo lilirithi studio kubwa za Babelsberg katika mji wa Potsdam, jirani na Berlin, na ambalo katika uhai wake lilitoa filamu za hadithi zipatazo 700. Mwongozaji, mpiga picha na mshona mavazi wa DEFA walikuwa waajiriwa wa kudumu wenye mshahara wa mwezi, jambo ambalo wasanii wengi wa nchi za Magharibi wangelionea wivu, lakini kila mswada ulipita mikononi mwa wahariri wa studio, kisha idara ya filamu ya Wizara ya Utamaduni, na mara nyingi ofisi za chama, kabla ya kamera kuwashwa. Filamu ikikamilika ilirudi tena kwa watu hao hao ili waitazame na kuamua kama wananchi waione.

Mfumo huo haukuzaa propaganda peke yake, na ni kosa kudhani hivyo. Filamu ya kwanza ya DEFA, Die Mörder sind unter uns, yaani wauaji wamo miongoni mwetu, iliyoongozwa na Wolfgang Staudte mwaka 1946, iliwauliza Wajerumani kuhusu hatia yao wakati ambapo magofu ya Berlin yalikuwa bado hayajazolewa. Mwaka 1957 Gerhard Klein alitoa Berlin – Ecke Schönhauser, iliyowafuata vijana waliokaa chini ya daraja la reli bila kazi ya maana na bila imani na wazazi wao, na mwaka 1964 Konrad Wolf alitoa Der geteilte Himmel, kutokana na riwaya ya Christa Wolf, inayosimulia habari za Rita, msichana aliyefanya kazi katika kiwanda cha mabehewa na kuachwa na mchumba wake aliyekimbilia Magharibi. Filamu hiyo ya mwisho ilitengenezwa baada ya Ukuta wa Berlin kujengwa, tarehe 13 Agosti 1961, na wakati wake ni jambo la kuzingatiwa. Wasanii wengi wa Mashariki waliamini, pengine kwa unyofu uliopita kiasi, kwamba kwa kuwa mpaka sasa umefungwa na adui yuko nje, nchi ingeweza hatimaye kuzungumza yenyewe kwa yenyewe kuhusu makosa yake.

Wakati huo huo Ujerumani Mashariki ilikuwa ikitafuta marafiki Afrika. Ujerumani Magharibi ilifuata sera iliyopewa jina la Walter Hallstein, ambayo ilitishia kukata uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua serikali ya Berlin Mashariki, na hivyo Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea, na serikali mpya ya Abeid Amani Karume ikakubali kuitambua, Zanzibar ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa nje ya kambi ya kisoshalisti kuuvunja uzio huo. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakaja, na majengo ya ghorofa ya Kikwajuni yakaanza kuinuka. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliileta kadhia hiyo mezani kwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mapema mwaka 1965 aliruhusu Wajerumani wa Mashariki wabaki na ofisi ya konseli mjini Dar es Salaam pasipo kutambuliwa kikamilifu. Serikali ya Ujerumani Magharibi mjini Bonn ilipojibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi, Mwalimu aliiambia ichukue na misaada yake mingine. Kutambuliwa kikamilifu kulikuja mwishoni mwa mwaka 1972. Vijana wa Kizanzibari walipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, na safari ya kijana wa aina hiyo ilikuja kuwa sehemu ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo By the Sea, iliyotoka mwaka 2001.

Vita vya Kongo ndivyo vilivyowapa watengenezaji filamu wa Mashariki hoja yao kubwa kuhusu Afrika. Baada ya Patrice Lumumba kuuawa mwezi Januari 1961, uasi wa wafuasi wake ulienea mashariki mwa nchi hiyo, na mwezi Agosti 1964 wapiganaji waliojiita Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Waziri mkuu Moïse Tshombe aliajiri mamluki, yaani askari wanaopigana kwa malipo na si kwa ajili ya nchi yao, chini ya Mike Hoare, na miongoni mwao walikuwamo Wajerumani waliokuwa wamepigana katika jeshi la Hitler. Tanzania haikukaa kando, kwani silaha na wapiganaji walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, na mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara naye alivuka kwa njia hiyo hiyo akiwa na Wakyuba wake, akabaki hadi Novemba.

Mwezi huo huo wa Novemba 1965, jijini Munich, Walter Heynowski na Gerhard Scheumann waliketi na mmoja wa mamluki hao, Siegfried Müller, ambaye magazeti yalikuwa yameshampa jina la Kongo-Müller. Waliokuja kumhoji hawakumweleza kwamba walitoka Mashariki, naye aliamini kuwa anazungumza na watu wa upande wake. Filamu iliyotokana na mazungumzo hayo, Der lachende Mann, yaani mtu anayecheka, ni ya picha nyeusi na nyeupe na ina umbo rahisi mno: Müller ameketi akiikabili kamera katika sare yake ya madoadoa ya msituni, nishani ya Msalaba wa Chuma aliyoipata katika vita vya Hitler ikiwa kifuani, pombe ya Pernod ikiwa karibu naye, na kadiri glasi inavyojazwa tena ndivyo maneno yake yanavyozidi kulegea na tabasamu lake linavyozidi kudumu. Anaeleza kwamba alikwenda Kongo kuutetea ulimwengu wa Magharibi, anazungumza kuhusu kuua kama mtu anayezungumza kuhusu kazi ya kawaida ya ofisini, na hapo wahariri wanaingiza picha za maiti na za wafungwa waliofungwa kamba. Hakuna msimulizi anayemhukumu, kwa sababu tabasamu lenyewe linatosha. Filamu ilirushwa katika televisheni ya Ujerumani Mashariki tarehe 9 Februari 1966, ikitanguliwa na Kommando 52 ya mwaka 1965, ambayo Heynowski aliitengeneza kuhusu kikosi cha mamluki hao, na waongozaji hao wawili wakajijengea jina lililowawezesha baadaye kuendesha studio yao wenyewe, Studio H&S, kuanzia mwaka 1969 hadi ilipovunjwa mwaka 1982.

Kama kazi ya uandishi wa habari, filamu hiyo inastahili heshima yake hata leo, kwani iliyaweka hadharani yale ambayo Ujerumani Magharibi ilipendelea kuyaita mambo ya watu wachache wasiofuata sheria. Lakini mtazamaji wa Kisangani au wa Kigoma anayeiangalia atagundua upungufu ambao Berlin haikuuona. Kinachosikika karibu muda wote ni sauti ya Müller. Mkongo yumo katika picha, amelala au amefungwa, wala hapewi nafasi ya kusema ni nani aliyemuua, kwa nini alishika silaha au alitaka nchi ya namna gani. Filamu iliyotengenezwa kwa jina la mshikamano na Waafrika ilikuwa, kwa hakika, Mjerumani mmoja akimshitaki Mjerumani mwingine, na Afrika ikawa kielelezo mahakamani. Upande wa Magharibi nao ulikuwa na mtu wa kuthubutu. Mwaka 1966 Ralph Giordano, aliyekuwa mkomunisti kabla ya kuachana na chama, alitoa katika televisheni ya WDR ya Cologne filamu ya sehemu mbili iitwayo Heia Safari, iliyobomoa hadithi tamu ya ukoloni mwema wa Wajerumani na kusababisha malalamiko makali ya watazamaji. Hadithi hiyo tamu haikuwa na mashabiki Iringa, ambako watu wanajua kwamba Mtwa Mkwawa alilishinda jeshi la Wajerumani la Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kwamba fuvu la Mkwawa lilirudi nyumbani mwaka 1954 tu.

Filamu ya Müller ilipokuwa ikihaririwa, Halmashauri Kuu ya SED ilikutana mjini Berlin katikati ya Desemba 1965 kwa mkutano wake wa 11. Mkutano ulipangwa kujadili uchumi, ambao haukuwa ukienda vizuri, lakini Erich Honecker aliusoma waraka uliowalaumu waandishi, wanamuziki na watengenezaji filamu kwa kueneza shaka na maadili mabovu miongoni mwa vijana, na ndivyo wasanii walivyobebeshwa mzigo wa hasara ambazo hawakuzisababisha. Wajumbe walionyeshwa filamu mbili kama ushahidi. Mojawapo, Das Kaninchen bin ich ya Kurt Maetzig, inamhusu Maria, mhudumu wa baa aliyenyimwa nafasi ya chuo kikuu kwa sababu kaka yake amefungwa kwa kosa la kisiasa, na ambaye anampenda mwanaume mmoja kisha akagundua kuwa ndiye hakimu aliyetoa hukumu ile, na kwamba aliitoa kali kwa ajili ya kupanda cheo. Maetzig hakuwa mpinzani. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa DEFA na mkomunisti tangu enzi za Hitler. Hata hivyo, mwezi Januari 1966 alilazimika kuchapisha katika gazeti la chama, Neues Deutschland, barua ya kujikosoa mwenyewe, na Walter Ulbricht, kiongozi wa nchi, akaijibu katika gazeti hilo hilo. Filamu zote zilizozuiwa katika wimbi hilo zikabaki na jina la filamu za sungura, kutokana na mnyama aliyetajwa katika jina la filamu ya Maetzig.

Iliyoumiza zaidi ilikuwa Spur der Steine ya Frank Beyer, iliyotokana na riwaya ya Erik Neutsch ya mwaka 1964 iliyokuwa imesomwa na watu wengi bila kuzuiwa. Mahali pa hadithi ni eneo kubwa la ujenzi wa kiwanda cha kemikali, la kubuni lakini linalofanana na mengi ya kweli, ambako Hannes Balla, kiongozi wa kikosi cha maseremala, anatawala kwa mabavu na kwa ustadi wa kazi. Saruji na changarawe hazifiki kwa wakati, mipango iliyochorwa makao makuu haifanani na hali ya kwenye matope, na Balla, ili watu wake wasikose marupurupu, anayaelekeza kwake malori ya vifaa yaliyokusudiwa kwenda kwa wengine. Katibu mpya wa chama, Horrath, anakuja na nia njema ya kurekebisha mambo, anajua kusikiliza, anambadilisha Balla hatua kwa hatua, lakini anaanguka kwa sababu amempa mimba mhandisi kijana, Kati Klee, na ana mke mji mwingine. Chama kinamkalia kikao, na kinachozungumzwa humo ni kitanda chake, si changarawe.

Hapa ndipo mtu aliyewahi kufanya kazi katika shirika la umma la Tanzania anapoitambua filamu bila kuhitaji mkalimani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 na kupitishwa Makambako, na kiwanda cha Southern Paper Mills kilichoanza uzalishaji Mgololo, wilayani Mufindi, mwaka 1985, kikitumia misonobari ya shamba la Sao Hill na mikopo ya Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, vilikuwa miradi ya aina hiyo hiyo: mikubwa kuliko mji wowote wa jirani, yenye tawi la chama kazini, yenye lengo lililopangwa mbali, na yenye mafundi wanaojua kwamba kipuri kisipofika leo mashine itasimama kesho hata kama bango la lengo bado limening'inia ukutani. Kiwanda cha Mgololo hatimaye kilibinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uwezo wa Beyer ulikuwa wa kuonyesha kwamba mchana wa kazi wa mtu kama Balla una siasa nyingi kuliko hotuba, na alifanya hivyo kwa mapenzi makubwa kwa wafanyakazi hao, huku mwigizaji Manfred Krug akimpa Balla kofia pana, pete ya sikioni na mwendo wa mtu asiyemwogopa yeyote.

Spur der Steine iliingia katika majumba ya sinema mwanzoni mwa majira ya joto ya mwaka 1966, na katika siku chache za kuonyeshwa watu waliopangwa na chama walipelekwa kuzomea kutoka kwenye viti, ili ionekane kwamba ni wafanyakazi wenyewe walioikataa. Ikaondolewa. Beyer alifukuzwa studioni na kupelekwa kufanya kazi katika ukumbi wa maigizo wa Dresden, akarudi kwenye DEFA baada ya miaka mingi na kutengeneza Jakob der Lügner, filamu pekee ya nchi hiyo iliyowahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Krug aliondoka nchini mwaka 1977.

Tanzania nayo ilijaribu kuutumia mkanda wa filamu kujenga nchi, ingawa kwa uwezo mdogo mno. Ilikuwa na urithi wa ajabu: serikali ya kikoloni ilishafanya majaribio ya filamu za mafunzo pale Vugiri, karibu na Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937, na katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliigiza katika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu. Baada ya Uhuru liliundwa shirika la umma, Tanzania Film Company, na katikati ya miaka ya 1970 likatoa Fimbo ya Mnyonge, hadithi ya Yombayomba, mwanakijiji aliyekimbilia Dar es Salaam akitafuta maisha, akakosa, akakutana na kijiji cha ujamaa na kurudi kwao kuwashawishi wenzake. Ni filamu yenye nia safi, na nguvu yake iko katika imani kwamba mtu akiona atakubali. Lakini ilitoka katika miaka ya Operesheni Vijiji, ambapo kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa nguvu, na mkoani Iringa kila mtu alijua yaliyotokea Isimani tarehe 25 Desemba 1971, pale Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, msimamizi mwenye bidii wa sera ya vijiji, alipopigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi katika shamba lake, naye Mwamwindi akaichukua maiti ndani ya gari na kuipeleka polisi mwenyewe. Mwamwindi alinyongwa. Kijana wa Fimbo ya Mnyonge anashawishika kwa hiari, na hakuna mwenye shamba la mahindi na trekta anayesimama mbele yake kubisha. Lau angekuwapo, filamu ingekuwa ndefu, ngumu na ya kweli zaidi, kama ile ya Beyer, na pengine ingekutana na majaaliwa yale yale.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, tarehe 9 Novemba 1989, filamu za sungura zilitolewa kabatini moja baada ya nyingine, na Spur der Steine ikaonekana tena kwenye sinema kabla mwaka haujaisha. Baada ya nchi mbili kuungana, tarehe 3 Oktoba 1990, watu wa Magharibi ndio waliopata sauti kubwa zaidi ya kusimulia maisha ya Mashariki. Wolfgang Becker alitoa Good Bye, Lenin! mwaka 2003, kuhusu kijana anayemficha mama yake mgonjwa habari za kuanguka kwa nchi yao, na Florian Henckel von Donnersmarck, mzaliwa wa Cologne, alitoa mwaka 2006 Das Leben der Anderen, iliyopata tuzo ya Oscar. Ndani yake kapteni wa Stasi, idara ya usalama iliyokuwa na waajiriwa wapatao 91,000 katika mwaka wake wa mwisho, anamsikiliza mtunzi wa tamthilia kupitia vinasa sauti vilivyofichwa ukutani na hatimaye anamlinda. Aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya gereza la Hohenschönhausen, Hubertus Knabe, alikataza filamu isipigwe picha humo, akisema kuwa afisa kama huyo hakuwahi kuwapo, na pingamizi lake lina uzito, kwa kuwa filamu inamfariji mtazamaji mahali ambapo waliofungwa hawakufarijiwa.

Karibu zaidi na ukweli ni Gundermann ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Andreas Dresen, mzaliwa wa Gera huko Mashariki, kwa mswada wa Laila Stieler. Inamhusu mtu aliyekuwapo kweli, Gerhard Gundermann, dereva wa mashine kubwa ya kuchimba makaa ya mawe katika eneo la Lausitz, ambaye zamu ilipokwisha alipanda jukwaani kuimba nyimbo alizozitunga mwenyewe, aliyefukuzwa chamani kwa ukaidi, na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa pia akiwapelekea Stasi taarifa kuhusu wenzake. Filamu inatumia muda mrefu juu ya mashine yenyewe, katika vumbi na taa za usiku za mgodi, kwa sababu Dresen na Stieler wanajua kwamba kwa mtu huyo kazi haikuwa mandhari ya hadithi bali ndiyo iliyokuwa ujamaa wake. Kisha faili linafunguliwa na wale aliowachongea wanaanza kuuliza, naye anagundua kwamba amesahau mengi ya aliyoyaandika, ilhali waliotajwa humo hawakusahau.